Kipandio cha Tisa

Kwa miaka thelathini na mmoja, aliyetaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine ilimbidi kwanza apite masikioni mwa Mama Laini. Alikuwa opareta wa simu, enzi za ubao wa matundu na nyaya, na kazini aliitwa Namba Nne kwa kuwa kiti chake kilikuwa cha nne kutoka mlangoni. Aliwaunganisha madaktari na wagonjwa, wachumba na wakwe, wafanyabiashara na mizigo iliyopotea njiani. Kwa pumzi tu, kabla mtu hajatamka neno, alijua kama anapiga ili kuomba msamaha au kuomba unga. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya ukutani, goti bovu, na jina hilo la Mama Laini ambalo watoto wa nyumbani walidhani amezaliwa nalo.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, na katika nyumba nzima yenye vyumba kumi na vinne, chumba kimoja tu ndicho ambacho mtandao haukukifikia. Chumba chake.

"Nimewaunganisha watu wa kila pembe," alisema, "halafu mimi mwenyewe ndiye niliyeachwa bila waya." Akacheka mpaka meno yake ya bandia yakatishia kutoka.

Nyumba hiyo ilijengwa kwa kuongezwa-ongezwa. Kila mtu alipooa, au alipopata mapacha, au alipogombana na aliyelala naye chumba kimoja, ukuta ulitobolewa na chumba kingine kikachomoza. Ramani ilikuwa kichwani mwa marehemu baba yake Mama Laini, naye aliondoka nayo. Kulikuwa na ukumbi ulioishia ukutani, dirisha lililotazama ndani ya stoo, na ngazi ya vipandio kumi na sita iliyopinda katikati ili kulikwepa tangi kubwa la maji. Kisanduku cha mtandao kilikaa chini, sebuleni. Chumba cha Mama Laini kilikuwa juu, nyuma kabisa, ng'ambo ya tangi. Hata mawimbi ya kampuni ya simu yalifika humo kwa kunyata, yakitosha kubeba sauti lakini si nyuso.

Na Mama Laini alitaka nyuso. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, maopareta wanne waliobaki hai walikutana kwenye simu pamoja na Msimamizi wao wa zamani, wakitazamana mikunjo na kutaniana. Saa tisa na nusu alishuka na mto wake wa kukalia hadi kipandio cha tisa. Akikaa cha kumi, rafiki zake waliganda wakiwa wameachama. Akikaa cha nane, aliwazibia njia watu wa jikoni, maana mlango wao ulifungukia hapo. Cha tisa kilikuwa sawasawa, na ubao wake ulikuwa umeanza kung'aa kwa kukaliwa.

Balaa lilitokea Jumamosi moja wakati Fundi, mpwa wake mshona nguo, alipopanda ngazi akiwa amekumbatia jora la kitambaa lililomfunika uso. Alikanyaga mto, akakanyaga gauni, akamwangukia Mama Laini mapajani kama mtoto mchanga. Hakuna aliyeumia. Lakini kaka yake Fundi, Mwalimu, aliyekuwa akisahihisha madaftari sebuleni, aliona yote.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Mwalimu alisafisha koo kama anavyofanya mbele ya darasa la jiografia.

"Mama Mkubwa, tumefikiria. Uhamie chini. Kile chumba cha karibu na sebule. Mtandao upo, ngazi hakuna, na goti lako litapumzika."

"Mmefikiria akina nani?"

Bi Funguo, mdogo wake Mama Laini na mama yao Mwalimu na Fundi, alianza kuhesabu funguo zilizoning'inia kiunoni mwake, kana kwamba mmoja ungekuwa umepotea tangu asubuhi.

"Hata wewe, mdogo wangu?"

"Dada, mimi ngazi ile inanikosesha usingizi."

Mama Laini aliweka kijiko chini. Chumba kile cha juu alikijenga yeye, kwa mshahara wa ubaoni, akiwa na miaka ishirini na sita, wakati wasichana wenzake walikuwa wakingoja kuoneshwa chumba na mume. Dirishani mwake alimwona fundi viatu akifungua kibanda, watoto wakichelewa shule, na basi la saa nne likimwacha yule mwanamke mnene ambaye kila siku hulikimbilia akiwa na kiatu kimoja mkononi. Dirisha la chumba cha chini lilitazama ukuta wa jirani. Ukuta ule haukuwa na habari yoyote.

"Jumamosi hii Msimamizi anatimiza miaka tisini," alisema. "Mimi ndiye niliyechaguliwa kufungua laini. Nitaita namba, kama asubuhi za zamani. Basi sikilizeni. Mkinifikishia mtandao kitandani kwangu kabla ya saa kumi ya Jumamosi, sitaki kusikia tena neno 'chini' mpaka nife. Usipofika, nitaita namba zangu nikiwa chumba cha chini, na nitahamia huko bila kununa."

"Bila kununa?" Fundi aliuliza.

"Nitanuna siku mbili. Ya tatu nitanyamaza."

Mwalimu akanyoosha mkono, wakashikana. Alikuwa na hakika ya kushinda, lakini hakuwa mtu wa kucheza rafu. Alhamisi jioni alirudi na kidude cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, cha kuongezea nguvu mtandao. Akakichomeka ukutani, sentimita chache kutoka kwenye mto wa Mama Laini. Kidude kikawasha taa nyekundu. Akakihamishia dirishani. Nyekundu. Akapanda kwenye kiti akakiweka juu ya kabati la nguo, akapiga magoti akakisukuma chini ya kitanda. Nyekundu, nyekundu.

"Labda kinasikia baridi," alisema Bi Funguo, na hakuwa akitania. Asubuhi kilikuwa kimevaa kitambaa cha kufuma chenye maua pembeni. Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa uchi kwa siku mbili: redio, birika, mtungi wa gesi, vyote vilikuwa na vazi lililotoka kwenye sindano ya Bi Funguo.

Ijumaa Mama Laini alianza kufungasha. Alitaka kuahirisha, lakini aliyempa mtu mkono haahirishi. Mjukuu wake, binti wa Mwalimu, alikuja kumsaidia. Nyumbani walimwita Profesa, kwa miwani na kwa vitabu, ingawa hata chuo alikuwa hajamaliza, na alizungumza kwa sauti ndogo kiasi kwamba wauza duka walimwuzia chumvi alipotaka sukari. Alikunja mashuka. Mama Laini alishusha saa ya ukutani, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka kitandani kifudifudi ili asione mishale yake.

Chini ya droo Profesa alipata picha. Wasichana wanne wenye nywele zilizochanwa juu walisimama mbele ya kibanda kidogo cha matofali, katikati ya nyasi, pasipo nyumba nyingine wala mti.

"Bibi, hapa ni kwa nani?"

"Kwa sauti," alisema Mama Laini, na uso wake ukachangamka. "Msimamizi alitupeleka kwa gari la kazi, siku nzima, ili tujue waya zetu zinapita wapi. Katika kibanda hicho kulikuwa na mashine ya kukuza sauti. Laini ilikuwa ndefu, unaona, na sauti huchoka njiani. Mimi nikamwuliza mhandisi, kwa nini mmejenga hapa porini? Si mngejenga kule mwisho, mjini, ambako watu hawasikii? Akanicheka yule bwana! Akaniambia, binti, sauti inakuzwa ingali hai. Ukiingoja ifie mwisho wa laini, utakuza nini? Utakuza ukimya…"

Alisita. Akakigeukia kile kidude chenye vazi la maua, kikiwaka nyekundu kando ya mto wake.

"Profesa."

"Abee, Bibi."

"Kile tumekizika kaburini, halafu tunakilaumu kuwa hakiongei."

Jumamosi saa tatu asubuhi aliita watu wote kwenye ngazi. Akaketi kipandio cha tisa, mto wake chini yake, kanga ya zamani mabegani, daftari gotini. Muuguzi, mke wa Mwalimu, alikuwa ametoka zamu ya usiku na bado alikuwa na saa yake ya kazi kifuani, lakini alisema kulala atalala, sinema hii haikosi.

"Kila mtu atazima bando lake," alisema Mama Laini. "Tunasafiri kwa mtandao wa nyumba tu. Nitawapigia wote kwa pamoja. Kila mmoja ataingia chumba nitakachomtuma, atahesabu moja mpaka kumi, na hatapiga porojo. Profesa, chumbani kwako. Fundi, jikoni. Mwalimu, stoo. Muuguzi, kwenye tangi. Mdogo wangu, wewe baki sebuleni na kisanduku."

"Na mimi nihesabu?"

"Wewe zaidi ya wote."

Wakatawanyika. Mama Laini alifumba macho, simu sikioni, na goti lake likasahaulika. Uso wake ulikuwa wa msichana wa kiti cha nne.

"Jikoni, nakusikia. Wewe wanisikia?"

"Nakusikia, na sufuria la uji linafurika," ilikuja sauti ya Fundi.

"Nimesema bila porojo. Stoo?"

"Moja… bili… tat… ne…"

"Mwalimu, unameza namba. Tangi?"

Kimya. Halafu Muuguzi akachungulia kutoka kwenye kona, kwa mwili wake mwenyewe. "Mama Mkubwa, umeniita? Huku sisikii hata kukwaruza."

Mama Laini akaandika: tangi linakunywa kila kitu. "Sebule?"

"Moja, mbili, tatu," alisema Bi Funguo, naye aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye kisanduku alisikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa.

Mama Laini akafumbua macho. "Mdogo wangu, hicho kisanduku kiko wapi hasa?"

"Kipo mahali pake."

Mahali pake palikuwa kabatini. Na kabati lile halikuwa kabati la kawaida. Lilikuwa na milango ya vioo, kioo kingine cha kujitazamia ukuta mzima wa nyuma, sinia saba za chuma zilizosimama kama walinzi, na glasi za wageni ambao kwa miaka kumi na tano hawajatokea wa hadhi ya kuzinywea. Katikati, juu ya kitambaa na chini ya kitambaa, ndimo kisanduku kilimokaa. Aliyekuja kukifunga alimwambia Bi Funguo, "Mama, kitunzeni, hiki ndicho roho ya nyumba," naye alikitunza kwa namna alivyojua. Ufunguo alilala nao.

Mwalimu alishuka mbio. "Mama! Siku zote hizi? Mimi nilidhani kipo juu ya kabati!"

"Usinikaripie mbele ya mke wako."

"Sikaripii, Mama, nashangaa."

"Unashangaa kwa sauti kubwa."

Mama Laini aliinua mkono, wakanyamaza. Alimjua mdogo wake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alijua kwamba kumwambia amekosea kungefunga kabati lile kwa mwaka mzima. "Mwalimu, rudi stoo uhesabu. Mdogo wangu, shika simu yako, msikilize mwanao wewe mwenyewe. Kisanduku kikiwa hapo kilipo, ndani ya kabati. Unasikia?"

"Anakatika-katika kama ana kwikwi."

"Sasa fungua mlango mmoja tu."

Ufunguo ukazunguka. Bi Funguo akasikiliza, nyusi zikapanda. Akafungua mlango wa pili. Kisha, bila kuambiwa, akasogeza sinia moja, ya pili, ya tatu. Mwishowe akakitoa kisanduku kwa mikono miwili, akakivua kitambaa cha juu, akakipandisha juu ya kabati, simu ikiwa imebanwa begani.

"Saba, nane, tisa, kumi," alisema Mwalimu, safi kama amesimama mbele yake.

"Jamani," Bi Funguo alinong'ona. "Nilikuwa nimemfunga kipaza sauti mdomo." Halafu akajikusanya. "Sawa, atakaa juu. Lakini cha chini hakiondoki. Atakalia kitambaa chake kama mtu mwenye kwao."

Hapo kipandio cha tisa kikawa na mtandao wa kumwaga, na cha kumi, na cha kumi na mbili. Nyuma ya tangi, bado kimya. Walikichomeka kile kidude karibu na kona, wakakisogeza huku na huku kwa waya wa kuungia. Kilitoa taa ya kijani, lakini chumbani kwa Mama Laini nyuso ziliganda vilevile. Ilikuwa saa saba na nusu. Mwalimu alitazama saa yake ya mkononi mara mbili, na hilo lilimwuma Mama Laini kuliko neno.

"Ngoja nikanyooshe goti," alisema. Akapanda pole pole, akapita tangi, akafuata ukumbi hadi mwisho, akalala kitandani katikati ya mizigo yake iliyofungwa. Mahali pa saa ukutani palibaki duara jeupe. Alilitazama. Alijiambia kwamba ukuta wa jirani nao huenda siku moja ukapakwa rangi, angalau pawe na la kutazama.

Ndipo aliposikia mtu akihesabu.

"Sita. Saba. Nane." Sauti ndogo, ya kuomba radhi. Aliitazama simu yake: imezimwa. Sauti ilikuwa ikitoka kwenye kabati la nguo.

"Profesa?"

"Abee, Bibi? Hakuna aliyeniambia niache, kwa hiyo ninaendelea."

Mama Laini aliketi wima. Tangu saa tatu, mtoto wa watu alikuwa akihesabu moja mpaka kumi chumbani kwake, kwa utiifu, bila kupumzika. Lakini chumba chake si kiko mbele kabisa? Ili kumfikia Profesa ilibidi upite ukumbi, uzunguke tangi, ukate kona, upite bafu. Kila mtu nyumbani alisema wawili hao wanalala ncha mbili za dunia. Na hapo akakumbuka. Kabla ya tangi, kabla ya ukumbi, mtu aliingia chumbani mwake kwa mlango mwingine. Mlango ulizibwa kwa ubao mwembamba mwaka ule Mwalimu alipooa, na kabati la nguo lenye kioo kirefu likasukumwa mbele yake. Kwa miguu vyumba vile vilikuwa mbali. Kwa ukuta, vilikuwa majirani. Na chumba cha Profesa kilikuwa juu ya sebule, juu ya kisanduku, na katikati yake sakafu ya mbao tu!

"Fundi! Mwalimu!" alipiga kelele ambayo haikuhitaji mtandao. "Njooni na misuli yenu!"

Walikuja wote. Kabati lilisukumwa kwa "haya, tena, haya," likaacha mikwaruzo sakafuni. Nyuma yake palikuwa na ubao uliopakwa rangi ya ukuta, vumbi la miaka ishirini na mitatu, na kitana chekundu.

"Kitana changu!" alisema Mama Laini.

"Ahaa!" Bi Funguo aliruka. "Nilikwambia sikukichukua! Miaka ishirini na mitatu ananiita mwizi wa kitana!"

"Ulikuwa na sura ya kukichukua."

"Sura niliyonayo ni yako wewe, Dada!"

Muuguzi alicheka mpaka akaketi juu ya mizigo. Profesa, upande wa pili, aliondoa vitabu kumi na viwili kutoka kwenye rafu iliyoegemea ubao ule, akakipokea kile kidude kutoka kwa Fundi na kukichomeka mahali pao. Taa ikapepesa. Nyekundu. Nyekundu. Kisha kijani, ikatulia.

Mwalimu alishika simu ya Mama Laini, akalala kitandani kwake, viatu vikiwa nje ya godoro, akafungua video ya mjomba wao akicheza kwenye harusi. Mjomba alicheza mwanzo hadi mwisho bila kuganda hata kiuno.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Fundi alirudisha saa ukutani, juu ya duara lake jeupe. Bi Funguo akapachika kitambaa cha kufuma juu ya ubao ulioziba mlango, akisema hapawezi kukaa uchi siku wageni wanakuja, hata kama wageni wenyewe wako kwenye simu.

Saa kumi kamili nyuso zilitokea, moja baada ya nyingine. Namba Tatu alikuwa na kofia. Namba Saba alionekana paji la uso tu. Namba Tisa alikuwa akila. Katikati, kwenye kiti chenye mito, alikaa Msimamizi, mdogo kama mtoto, mgongo umenyooka vilevile kama zamani alipopita nyuma ya viti vyao.

Mama Laini alikohoa. Nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, familia nzima ilisimama ukumbini ikibanana.

"Ubao, habari za kazi. Namba Tatu?"

"Nipo."

"Namba Saba?"

"Nipo, ila miwani haipo."

"Namba Tisa?"

"Nipo, namalizia kumeza."

"Namba Nne," alisema, akavuta pumzi. "Nipo."

Msimamizi alisogeza uso karibu na simu. Kila asubuhi, kwa miaka yote ile, alikuwa na swali moja kabla ya kuruhusu waya wa kwanza kuchomekwa, na aliyekaa kiti cha mwenzake alilijutia hadi jioni.

"Kila mtu yuko kitini kwake?" aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini haikukatika hata mahali pamoja. "Namba Nne, wewe siku hizi tunakuona ngazini. Leo naona dirisha. Uko kitini kwako?"

Mama Laini alitazama dirishani. Chini, fundi viatu alikuwa akifunga kibanda. Huko ukumbini alisikia Mwalimu akimwambia Fundi kwa kunong'ona kwamba kesho watafute mbao nzuri, wafunge mkono wa kushikia pande zote mbili za ngazi, kuanzia kipandio cha kwanza hadi cha kumi na sita, maana Mama Mkubwa haendi popote.

"Kitini kwangu, Msimamizi," alisema. "Laini iko wazi."